Taa ya injini imezimika, lakini gari bado halijapona

Jumatano jioni, baba mmoja mkazi wa City Heights, mjini San Diego katika jimbo la California, alitoka kwenye kituo cha kupima moshi wa magari akiwa na karatasi mkononi na uso uliokunjamana. Binti yake wa miaka tisa alikuwa anamsubiri kwenye kiti cha nyuma, begi la shule mapajani. Akamtazama, kisha akauliza swali ambalo baba alitamani lisiulizwe.

"Baba, gari letu limefeli mtihani?"

Limefeli. Na zilikuwa zimebaki siku 12 usajili wake uishe.

Kwa familia hii, jambo hilo si dogo. Baba anafanya usafi hospitalini, zamu ya saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kwa saa hizo basi ni la kubahatisha. Mama anaingia kazini saa tatu asubuhi baada ya watoto watatu kufikishwa shuleni. Gari ni moja, la mwaka 2012, lililonunuliwa kwa akiba ya miaka miwili. Baba alijifunza kuendesha akiwa na miaka 34, baada ya familia kufika Marekani ikitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Gari likikosa stika ya usajili, kila safari inakuwa ya kuvizia, na faini ya kwanza tu inaweza kula hela ya chakula cha wiki.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba taa ya injini, ile ya njano yenye umbo la injini, ilikuwa haiwaki tena. Ilizimwa Jumanne usiku. Kwa nini basi gari lifeli?

Kufuta si kutibu

Taa hiyo ilikuwa imewaka kwa karibu miezi miwili. Mwanzoni ilikuwa ikija na kwenda, na gari likitetemeka kidogo likisimama kwenye taa za barabarani. Baba aliona, mama aliona, hata watoto waliona. Lakini kodi ya nyumba haisubiri, na gari lilikuwa linatembea. Ikaachwa.

Ilipofika barua ya kulipia usajili, imeandikwa wazi kwamba safari hii cheti cha moshi kinahitajika, baba alimpigia simu shemeji yake. Shemeji akaja na kidude kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, akakichomeka chini ya usukani, akabonyeza mara mbili. Taa ikazimika. Watoto wakapiga makofi.

"Kesho nenda kapime, shemeji," alisema. "Imekwisha hiyo."

Shemeji hakuwa na nia mbaya. Alifanya kile ambacho watu wengi hufanya. Ila kufuta kosa kwenye kompyuta ya gari kunafuta na mambo mengine ambayo mtu hayaoni kwenye dashibodi.

Fundi waliyemwendea siku ya pili, mzee mmoja mzaliwa wa Mombasa mwenye gereji yake, aliwaeleza kwa mfano ambao hata yule binti aliuelewa.

"Sikiza, bwana. Kompyuta ya gari ni kama mwanafunzi mwenye daftari. Kila siku unapoendesha, inajipa mazoezi yenyewe: inapima sensa za hewa, inapima kataliti, inapima kama mvuke wa petroli unavuja. Zoezi likiisha, inaandika, nimemaliza. Sasa nyinyi jana usiku mmechana daftari lote, asubuhi mmempeleka mwanafunzi kwa mwalimu. Mwalimu afanye nini? Hakuna kosa jekundu, lakini hakuna kazi pia. Atamrudisha nyumbani."

Ndivyo ilivyokuwa. Karatasi ya kituo haikusema gari linatoa moshi mbaya. Ilisema vipimo vya ndani havijakamilika.

Mtihani wenyewe ukoje

Kwa magari ya petroli ya mwaka 2000 na kuendelea, upimaji wa California hauanzi na bomba la moshi. Mpimaji huchomeka waya kwenye tundu lenye pini 16 lililo chini ya dashibodi upande wa dereva, na kompyuta ya gari huulizwa maswali. Je, taa ya injini inawaka? Je, kuna kosa lililohifadhiwa? Je, vipimo vya ndani vimekamilika? Mpimaji pia hukagua kwa macho kama vifaa vya kupunguza moshi vipo mahali pake, na kama gari halitoi moshi unaoonekana.

Kuhusu vipimo vya ndani, kanuni ya jimbo hilo ni kali. Kwa gari la petroli la mwaka 2000 na kuendelea, kipimo kimoja tu kinaruhusiwa kuwa hakijakamilika, nacho ni kile cha mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi. Vingine vyote lavyo gari viwe vimeisha. Magari ya kati ya 1996 na 1999 yanasamehewa kimoja chochote. Majimbo mengine ya Marekani yana kanuni zao, kwa hiyo familia iliyohama haipaswi kutegemea ilichozoea ilikotoka.

Kuna jambo jingine ambalo shemeji hakulijua. Tangu Julai 2019, California huangalia pia makosa ya kudumu kwenye magari ya mwaka 2010 na kuendelea. Kosa la kudumu halifutwi na kidude wala kwa kuchomoa betri. Linaondoka pale tu gari lenyewe linapojipima tena na kuona tatizo limekwisha. Kama kumbukumbu zilifutwa, kosa hilo halihesabiwi endapo baada ya hapo injini imepata moto mara 15 na gari limetembea maili 200, yaani kama kilomita 320. Kwa lugha nyepesi, hakuna njia ya mkato ya usiku mmoja.

Wapo wanaouliza kwa nini jimbo linasumbua watu hivyo. Jibu liko kwenye historia ya hewa ya Los Angeles. Mwaka 1943 mji huo ulifunikwa na ukungu wa moshi uliochoma macho ya watu na kuwakereketa koo. Miaka ya mwanzo ya 1950, mwanasayansi Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba moshi wa magari na mvuke wa petroli, ukipigwa na jua, hutengeneza ozoni karibu na ardhi. Ozoni hiyo huwasha mapafu, na mtoto mwenye pumu huipata taabu kabla ya wengine.

Katika nyumba hii, mtoto wa pili ana pumu. Pampu yake ya dawa hukaa kwenye droo ya gari, sentimita chache kutoka kwenye ile taa iliyopuuzwa kwa miezi miwili.

Ugonjwa wenyewe

Fundi hakuanza na kununua vifaa. Alisoma rekodi ya kosa la kudumu, akaona P0302. Namba hiyo inamaanisha silinda ya pili haichomi mafuta sawasawa. Akahamisha koili ya silinda ya pili akaiweka ya nne, na ya nne akaileta ya pili, kisha akaendesha gari kuzunguka mtaa. Kosa likahama: sasa likasoma P0304. Koili ndiyo mgonjwa.

Akabadilisha koili hiyo na plagi zote nne, ambazo zilikuwa zimeliwa. Kazi ya chini ya saa moja.

"Mngeendelea miezi mingine miwili," aliwaambia, "tungekuwa tunazungumzia kataliti."

Petroli isiyochomwa kwenye silinda huenda kuchomekea kwenye kataliti, kile kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachosafisha hewa kabla haijatoka. Kikipata joto kupita kiasi, hufa. Na bei ya kataliti, hasa California, inaweza kuzidi mara nyingi bei ya koili na plagi zikiwekwa pamoja. Ndiyo maana taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, yaani inakonyeza, mzazi apunguze mwendo na alipeleke gari kwa fundi haraka. Taa iliyotulia inasema kuna tatizo. Inayokonyeza inasema uharibifu unaendelea sasa hivi.

Baada ya kazi, fundi aliwakabidhi funguo na onyo moja: "Msichomoe betri. Msifute kitu. Endesheni."

Simu ya Ijumaa

Ijumaa jioni shemeji alipiga simu tena. Amepata mtu. Unampa hela, anachomeka mashine kwenye gari jingine zima, cheti kinatoka na jina la gari lako. Nusu saa tu.

Baba aliweka simu mezani ikiwa bado wazi. Siku kumi. Meneja wake alishamwonya mara moja kuhusu kuchelewa. Kijana mkubwa wa miaka 15 alikuwa mezani anafanya kazi za shule, macho kwenye daftari, masikio kwenye simu.

Mama ndiye aliyejibu. "Kaka, asante kwa kutufikiria. Lakini hapana."

Simu ilipokatwa, baba alikuwa na hasira. "Mama watoto, wewe hukai kituo cha basi saa tatu na nusu usiku."

"Sikai, baba watoto. Lakini wiki iliyopita huyu kijana amenakili kazi ya mwenzake, ukamnyima simu siku tatu. Leo amesikia kila kitu. Kesho utamnyima nini?"

Baba hakujibu. Akaenda kuvaa sare ya kazi.

Mbali na malezi, mama alikuwa sahihi kwa sababu nyingine. Cheti cha namna hiyo ni udanganyifu mbele ya sheria. Kwa magari ya miaka ya karibuni, kompyuta hutaja namba yake ya utambulisho wakati wa kupimwa, na taarifa zote huenda moja kwa moja kwenye mfumo wa jimbo, ambako vipimo visivyolingana na gari huonekana. Vituo vimenyang'anywa leseni na watu wamefikishwa mahakamani kwa mchezo huo. Kwa mhamiaji ambaye bado anashughulikia karatasi zake, kesi ya aina hiyo ni mzigo asiohitaji.

Wiki ya kuliandaa gari

Asubuhi baba alirudi kwa fundi na swali moja: niendesheje ili likamilishe vipimo? Fundi akamwomba kwanza amweleze wiki ya gari lake ilivyo. Hapo ndipo mambo matatu yalipojitokeza, na yanazihusu familia nyingi.

La kwanza ni mafuta. Familia ilikuwa inaweka petroli ya dola kumi kumi, mshale ukikaa karibu na chini kila siku. Kipimo cha mvuke wa tangi hakianzi tangi likiwa karibu tupu, wala likiwa limejaa hadi shingoni. Magari mengi hutaka mafuta yawe kati ya robo na robo tatu. Gari la familia hii lingeweza kukaa miezi bila kujipima.

La pili ni safari fupi. Nyumbani hadi shuleni dakika sita, shuleni hadi kazini kwa mama dakika tisa. Kataliti haipati muda wa joto na mwendo uliotulia ili ipimwe.

La tatu ni gari kulala. Baadhi ya vipimo hutaka injini iwe imepoa kabisa, mara nyingi saa nane au zaidi. Mchana gari hili halipumziki hata saa saba mfululizo. Fundi akahesabu kwa vidole, kisha akacheka.

"Bwana, gari lako linalala kazini kwako! Saa nne usiku mpaka kumi na mbili asubuhi, saa nane kamili. Wewe unapotoka, ndiyo alfajiri yake. Hapo ndipo pa kuanzia."

Lakini mama aliweka sharti: baba asiendeshe mwendo mrefu akitoka zamu ya usiku na usingizi machoni. Gari lipone, dereva asife. Wakakubaliana kwamba siku za kazi apite barabara kuu kwa dakika chache tu, na safari ndefu iwe Jumapili, siku anayolala nyumbani.

Shemeji aliombwa akiazime kile kidude. Alikileta mwenyewe, kwa aibu kidogo. Kumbe kilikuwa na ukurasa mwingine ambao hakuwahi kuufungua, unaoonyesha kila kipimo na hali yake: kimekamilika au bado. Kijana mkubwa akapewa kazi ya kuusoma kila jioni, funguo ikiwa imewashwa na injini imezimwa, na kuandika kwenye daftari. Kusoma tu. Kitufe cha kufuta kilibandikwa kipande cha plasta.

Jumapili saa moja asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na tangi likiwa nusu, baba na kijana walitoka. Waliwasha injini, wakaiacha inguruma kama dakika mbili, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Wakapita mitaani taratibu, wakisimama na kuondoka kwenye taa bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Kisha wakaingia barabara kuu namba 5 kuelekea kaskazini, bahari ikiwa mkono wa kushoto, wakakaa njia ya kulia kwa maili 55 kwa saa, mwendo wa kilomita kama 88, bila kupanda wala kushuka, kwa robo saa na zaidi. Kabla ya kutoka barabarani, baba aliinua mguu kwenye mafuta, akaliacha gari lipungue mwendo lenyewe mahali ambapo nyuma hapakuwa na gari.

Walifika Oceanside, wakanunua chai, wakarudi. Kijana alisema baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kukaa na baba yake saa mbili bila mmoja wao kusinzia.

Kila aina ya gari ina utaratibu wake wa kuendesha, na kitabu cha gari au fundi ndiye wa kuulizwa. Ila mpango huo wa injini baridi, kunguruma kidogo, mwendo wa mtaani, mwendo uliotulia wa barabara kuu na kupungua taratibu husaidia magari mengi. Mara moja huwa haitoshi. Zinahitajika siku kadhaa.

Daftari la kijana lilisema hivi. Jumapili jioni: sensa za hewa tayari, kataliti bado, mvuke bado. Jumatatu: vilevile. Jumanne, baada ya baba kuzunguka kwa barabara kuu akitoka kazini: kataliti tayari, na kosa la kudumu halipo tena. Jumatano: mvuke bado.

Mvuke ndicho kile kimoja kinachosamehewa.

Alhamisi mchana walirudi kwenye kituo kilekile, injini ikiwa ya moto. Dakika ishirini baadaye baba alitoka na karatasi. Safari hii binti hakuuliza. Alimtazama usoni, akatabasamu, akamwambia kaka yake asogee.

Mzazi ayaweke haya akilini

Barua ya usajili ikifika, asisubiri wiki ya mwisho. Cheti cha California hudumu siku 90, kwa hiyo kupima mapema hakuna hasara.

Taa ya injini ikiwaka, aanze na kifuniko cha tangi la mafuta. Kikilegea au mpira wake ukipasuka, mvuke huvuja na taa huwaka. Kikikazwa vizuri, taa huweza kuzimika yenyewe baada ya safari kadhaa. Isipozimika, ni zamu ya fundi.

Betri ikichomolewa au kubadilishwa, kumbukumbu za vipimo zinaweza kufutika. Gari lipewe wiki nzima ya kuendeshwa kabla ya kupelekwa kupimwa.

Anaweza kukiomba kituo kipimo cha majaribio kabla ya kile rasmi. Matokeo ya majaribio hayapelekwi kwenye idara ya magari.

Ada ya usajili alipe kwa wakati hata kama gari bado halijapita, ili asitozwe adhabu ya kuchelewa. Idara ya magari inaweza pia kutoa kibali cha muda cha siku 60, kwa ada, kwa gari lililofeli.

Kama hali ya kipato ni ngumu, California ina mpango wa msaada unaosimamiwa na idara inayojulikana kwa kifupi BAR, kwa ajili ya matengenezo ya magari yaliyofeli. Una masharti, na maombi hufanywa kabla ya kutengeneza, siyo baada.

Kile kidude kipo bado kwenye nyumba ile, kwenye droo ya jikoni. Shemeji alisema wakae nacho. Plasta haijabanduliwa.